Niliunga kifaru cha Turán cha plastiki wiki sita, hii hapa ripoti yangu

Habari zenu wadau. Najua mmenizoea kwa mambo ya simu na spika za bluetooth ila safari hii mnivumilie kidogo, nimenunua kifaru. Cha plastiki lakini, msije mkanichoma kwa polisi, ni yale maboksi ya kuunga mwenyewe kipande kwa kipande, kipimo cha 1 kwa 35, yaani dude ambalo kwa ukweli lina urefu wa mita 5 na nusu huku linakuja na sentimita kama 16 tu, unalishika kwa mkono mmoja. Kifaru chenyewe kinaitwa Turán, cha jeshi la Hungaria, vita vya pili vya dunia. Kama hujawahi kukisikia wala usijione mjinga, mi mwenyewe nipo Budapest mwaka wa tatu huu na nilikuwa sikijui mpaka baridi ya juzi hapa.

Ilivoanza ni hivi. Kazi yangu ya stoo, shifti ya usiku, mchana natakiwa nilale ila huku mwezi wa kumi na mbili ukifika saa kumi jioni giza limeshaingia, usingizi unakuja na kukataa unavotaka wenyewe, na simu ukiitazama sana macho yanawasha. Jamaa mmoja kazini akaniambia tafuta kitu cha kushughulisha mikono. Nikaingia kwenye duka moja la haya mambo, dogo, lipo chini ya ardhi unashuka ngazi kama unaenda kisimani, mwenyewe mzee wa miaka sabini na kitu, kila mteja anamwita bácsi, ndo heshima yao kwa mwanaume mtu mzima, kama sisi tunavomwita mtu mzee au baba mdogo hata kama hamna undugu wowote. Nikamwambia bácsi naomba kifaru, cha mwanzo mwanzo, kisiwe kigumu. Akanionyesha ukuta mzima wa vifaru vya Kijerumani, Tiger, Panther, Tiger, Tiger tena. Nikamuuliza, sasa nyie hamkuwa na cha kwenu? Akanitazama kwa juu ya miwani, akaenda nyuma, akarudi na boksi lina vumbi akalipangusa na mkono wa sweta.

"Hiki. Ila sio rahisi."

Na kweli sio rahisi aisee, ningemsikiliza yule mzee ningeokoa wiki tatu za maisha yangu.

Bei ilikuwa forinti elfu 15 na ushee, kwa hapa sio ghali sana ila sio hela ya kuchezea, ni hela ya chakula cha wiki kwa mtu anayejipikia. Kampuni iliyotengeneza siitaji, sababu nitakuja kulalamika mbele huko na sitaki kesi.

Haya tufungue boksi. Ndani fremu za plastiki nyingi, vibati vyembamba vya shaba vya zile sehemu ndogo ndogo, stika za maji, kitabu cha maelekezo chenye michoro mizuri kwa kweli. Ila kitu kitakachokuvuta macho kabla ya vyote ni ribiti, zile pini za chuma zenye kichwa cha duara zinazoshikanisha mabamba. Jamani. Kila bamba lina ribiti, mbele, ubavuni, kwenye kichwa kile kinachozunguka, nyuma, vichwa vya ribiti vimejipanga kama vifungo kwenye sofa za zamani za sebuleni kwa shangazi. Na zimechongwa safi, hapo nawapa maksi zao zote, ukipitisha kidole unazihisi moja moja. Tatizo lake ni kwamba ukikosea ukamwaga gundi kidogo halafu ukataka kusugua na msasa umeshafuta ribiti, na ribiti iliyofutika hairudi, mi nimefuta saba ubavu wa kushoto ndo maana kwenye rafu yangu ubavu wa kushoto unatazama ukutani.

Sasa zile ribiti ndo zilizonifanya nianze kusoma, maana nilijiuliza hivi mwaka 1942 nani bado anaunga kifaru kwa ribiti na bolti wakati wenzake wanachomelea? Ribiti mbaya yake inajulikana, bamba likipigwa kwa nje hata kama risasi haijapita ile ribiti inaweza kuchomoka ikaruka humo ndani yenyewe kama risasi, na mle mna watu watano wamebanana.

Jibu linarudi nyuma sana. Hungaria ilipigwa vita vya kwanza, mwaka 1920 ikasainishwa mkataba wa Trianon, ikapoteza karibu theluthi mbili za ardhi yake na ikapigwa marufuku kuwa na vifaru. Mpaka leo huo mkataba ukiugusa kwenye meza ya Wahungari unaharibu chakula, mtu anaacha supu anaanza kuchora ramani kwenye tishu. Marufuku yenyewe ilikuja kulegea mwaka 1938, kwa makubaliano ya Bled. Kwaiyo piga hesabu, wenzao wana miaka ishirini ya kujaribu na kukosea, wao ndo kwanza wanaanza, na vita ipo mlangoni inagonga. Walichokuwa nacho ni vile vigari vidogo vya Ansaldo kutoka Italia, vya watu wawili na bunduki, na kifaru chepesi cha Toldi walichonunua leseni yake Sweden, mzinga mm 20. Vya kuendea doria. Cha kati, cha kupambana na kifaru mwenzake, hawakuwa nacho. Wakawaendea Wajerumani kuomba vya kwao, wakazungushwa.

Basi wakaenda Škoda. Na hapa kuna kichekesho, sababu Škoda ni ya Wacheki, na Ucheki ilikuwa imeshamezwa na Ujerumani tangu Machi 1939, kwaiyo mzigo uliokataliwa mlango wa mbele ukapatikana kwa dirisha la uani. Kule Plzeň, mji wenye kiwanda cha Škoda, kulikuwa na kifaru cha majaribio kinaitwa T-21, kimetokana na ukoo wa kifaru chao chepesi cha LT vz. 35, Waromania nao walikuwa wanakitamani, na Waromania na Wahungari walikuja kuwa upande mmoja wa vita huku wanatazamana kama wake wenza. Wahungari wakakijaribu kiangazi cha 1940, Agosti wakanunua leseni. Mwezi uliofuata wakaagiza zaidi ya 200 kwenye viwanda vinne kwa mpigo: Manfréd Weiss, MÁVAG, Ganz na kile cha mabehewa cha Győr. Wakakipa jina la Turán, ile nchi ya hadithi huko Asia ambako Wahungari wengi waliamini ndo asili yao. Jina kubwa kweli kwa kitu ambacho bado kipo kwenye karatasi.

Ukoo wa LT vz. 35 ndo ulioleta ribiti, na ndo ulioleta pia mateso yangu mimi. Twende chini ya kifaru.

Chini kuna magurudumu madogo nane kila upande, yamefungwa mawili mawili, mawili mawili tena yamefungwa kwenye springi za bamba kama zile za nyuma ya fuso, alafu kuna gurudumu la tisa limekaa peke yake mbele halina mwenza, juu kuna virola vitano vya kushika mnyororo. Zidisha mara mbili. Kila gurudumu lina vipande vyake, kila springi ina vipande vyake, na vyote inabidi vikae mstari mmoja la sivyo kifaru kikisimama mezani kinakuwa kama meza ya mgahawa yenye mguu mmoja mfupi. Changu kilisimama na magurudumu matatu hewani. Nikabandua. Nikaunga tena. Safari hii mawili hewani, nikaona hayo ni maendeleo nikaacha.

Na hapa ndo malalamiko. Moja ya zile fremu za springi kwenye boksi langu ilikuja haina kichwa, yaani plastiki haikujaa kwenye ukungu kiwandani, imeishia njiani kama sentensi ya mlevi. Nikapiga picha nikawaandikia, barua pepe safi kabisa na namba ya boksi na kila kitu. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu wakajibu kwamba asante kwa kuchagua bidhaa zetu. Basi. Nikachonga mwenyewe kwa kijiti cha kiberiti na supaglu, ukitazama kwa mbali huoni, ukisogea unaona, kwaiyo wageni nawakalisha mbali.

Mnyororo nao, kila kiungo peke yake, mamia kadhaa, vimechongwa vidogo kama punje za mtama uliopondwa. Niliufanya usiku wa kuamkia jumapili mbili nikiwa nasikiliza mpira. Kaka yangu Tanga akapiga video akaniona nimeshika kibanio na nimekunja uso, akauliza "mdogo wangu, unatoa mwiba?" Nikamwambia kaka naunga kifaru. Akakaa kimya kidogo akasema "mama asijue."

Haya kichwa. Hapa nilifurahi. T-21 ya Škoda kichwa chake kilikuwa cha watu wawili, kamanda akawa ndo huyo huyo wa kuhangaika na mzinga, anatafuta adui, anapiga, anaagiza dereva, kazi tatu mshahara mmoja. Wahungari wakapanua wakaweka watu watatu, kamanda na mpigaji na wa kupakia, na juu wakamjengea kamanda kile kiduara chenye vitundu vya kuchungulia pande zote. Ni jambo la akili sana, Wasovieti wenyewe na T-34 yao waliteseka na kichwa cha watu wawili mpaka walipoleta ile ya mm 85 mwaka 1944. Kwenye boksi kile kiduara kimetengenezwa vizuri, mfuniko unafunguka, vioo unaweka vyako. Bunduki mbili za mm 8 nazo zipo, ubunifu wa Gebauer, Mhungari, moja ya kwenye kichwa moja ya mbele, zina makoti mazito ya chuma zimenenepa kuliko ulivyotegemea, nusura nizibandike pahala pa mzinga, sio utani.

Sababu mzinga wenyewe... sikia. Niliutoa kwenye fremu nikadhani ni antena. Mm 40. Ukigawa kwa 35 mdomo wake ni milimita moja na kidogo, ncha ya kijiti cha mishikaki. Na yule Mcheki wa awali alikuja na mm 47! Yaani wamenunua gari wakatoa injini wakaweka ndogo zaidi. Ila ukisoma unakuta walikuwa na hesabu zao, hazikuwa za kijinga hata. Hungaria ilikuwa tayari inatengeneza mzinga wa kutungulia ndege wa Bofors, mm 40, kwa leseni ya Sweden, risasi zake zipo ghalani za kumwaga. Ukitengeneza mzinga wa kifaru unaokula risasi ile ile umeshajipunguzia mzigo wa kiwanda kizima. Nchi ndogo, mfuko mdogo, unapika na kilichopo jikoni. Wa mwaka 1940 usingemcheka, kipindi hicho hata Panzer III ya Mjerumani nyingi zilikuwa zinatembea na mm 37.

Shida ni saa. Leseni Agosti 1940, wakaanza kubadilisha michoro, kichwa, deraya ya mbele ikafika mm 50, injini yao wenyewe ya Weiss ya V8 ya nguvu za farasi 265 au karibu na hapo, bunduki zao, mzinga wao, na kila badiliko linasubiri badiliko lingine. Cha mfano kikatoka 1941, chuma cha kawaida. Vya kazini vikaanza kutoka 1942. Katikati hapo, Juni 1941, Ujerumani ikaivamia Sovieti na Hungaria siku chache baadae ikaingia, wakakutana na T-34 ana kwa ana, chuma cha mlalo mm 45 na mzinga wa mm 76. Ukisoma tarehe hizi kwa mpangilio unapata ile hali ya fundi aliyekuahidi shati la harusi, ndoa imefungwa, watu wamekula wamenawa, ndo anakuja na shati limekunjwa kwenye gazeti.

Jeshi la pili la Hungaria likapelekwa mto Don mwaka 1942 bila Turán hata moja. Wajerumani wale wale waliozungusha mwanzo ndo wakawapa Panzer 38(t) na Panzer IV kidogo. Januari 1943 lile jeshi likasagwa kwenye theluji. Ukiwazungumzia wazee wa huku mto Don wanashusha sauti, nilimuuliza bácsi akaniambia baba yake mdogo aliishia huko, alafu akabadilisha mazungumzo akaniuliza kama nina brashi namba sifuri.

Walijua tatizo lakini, tusiwaonee. Toleo la pili, 41M, lilianza kuchorwa hata kabla la kwanza halijapoa, mzinga wa mm 75. Sauti kubwa, ila mfupi, kipisi, umetokana na mzinga wa zamani wa kiwanja cha vita wa Austria-Hungaria. Unarusha bomu zuri la kubomoa nyumba na kutawanya askari, ila kumtoboa T-34 ni bahati na maombi. Na kitu kilichonichekesha mpaka nikamwaga chai kwenye maelekezo ni kwamba Wahungari walikuwa wanapanga vifaru kwa unene wa mzinga sio kwa uzito, kwaiyo Turán ya mm 40 ni kifaru cha kati na Turán ya mm 75, ile ile, tani 19 na kitu, ni KIFARU KIZITO. Kizito! Wakati T-34 ya 1944 yenye tani 32 wenyewe wanaiita ya kati. Ni kama kubandika stika ya V8 kwenye bajaji.

Jumla zote mbili zilitoka kama 424, kwanza 285 hivi na pili 139. Kwa nchi iliyokuwa marufuku kushika kifaru miaka mitano nyuma yake, mi naona ni kazi kubwa sana, semeni mtakavyo.

Kufika vitani kwenyewe ni Aprili 1944, huko Galicia, upande wa Ukraine ya leo, na divisheni ya pili ya vifaru. Miaka karibu minne tangu leseni isainiwe. Baadae Septemba vita ikaja Torda upande wa Transilvania, Turán zilikuwepo, watu wake walipambana kweli kweli na walichelewesha watu waliowazidi kila kitu. Mwisho Budapest yenyewe, mji ulizingirwa kuanzia Desemba 1944 ukaanguka Februari 1945, mitaa ninayopita na begi langu la kazi.

Nikaamua siku moja ya ofu nipande HÉV, ile treni ya pembeni ya mji, kutoka Boráros tér mpaka Csepel ambako ndo kulikuwa na kiwanda cha Manfréd Weiss. Dakika chache tu unafika. Geti lipo, majengo ya matofali mengi yapo, siku hizi ni karakana na maghala mchanganyiko, nilikuta jamaa anauza pembeni langos, mkate wao wa kukaanga kwenye mafuta, yenye kitunguu saumu nikala mbili nimesimama nikitazama madirisha yaliyovunjika. Hapo ndo ilikuwa injini. Na hapo kuna mkasa ambao kwenye kitabu cha maelekezo hamna: hiki kiwanda kilikuwa cha familia ya Kiyahudi. Ilikuwa inatengeneza silaha za nchi iliyo upande wa Hitler, alafu Machi 1944 Wajerumani wakaingia Hungaria wenyewe, na familia ikabidi iwaachie SS, lile jeshi la chama cha Hitler, kiwanda ili wapate kutoka nchini, wakafika Ureno. Waliobaki nyuma, mamia ya maelfu ya Wayahudi wa Hungaria, mwaka ule ule walipakiwa kwenye treni kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz. Nilirudi na HÉV nimenyamaza. Siku ile sikugusa gundi.

Kule kule Csepel pia walikuwa wanaunga mrithi wa Turán, 44M Tas, kifaru kikubwa hasa cha kufanana na Panther, mfano wake ukaharibiwa na mabomu ya ndege za Marekani Julai 1944. Na kulikuwa na Turán ya tatu yenye mzinga mrefu wa mm 75 wa damu ya Pak 40, mzinga wa Kijerumani wa kupigia vifaru, hii ndo ingekuwa jibu lenyewe, ikatengenezwa ya mfano ikaishia hapo. Kilichofanikiwa ni Zrínyi, wamechukua chini ya Turán wakaipanua, wakatoa kichwa wakaweka mzinga wa mm 105 mbele, haina makuu, imeinama kama kobe. Zilitoka chache, kama 60 na kitu, ila kila ninachosoma watu wanaisifia.

Turudi kwenye boksi maana kuna atakayeuliza rangi. Nimepaka zile tatu, kijani cheusi, njano ya udongo na kahawia ya wekundu, mabaka yenye kingo laini, nikatumia sifongo ya kuoshea vyombo iliyokatwa maana mashine ya kupulizia sina. Stika za maji hapa nazisifu bila kinyongo, nyembamba, zinalala juu ya ribiti ukizipigia maji ya moto kidogo. Mraba mweusi wenye msalaba mweupe ndo alama ya jeshi lao kuanzia 1942, ukiubandika upande kifaru kinaamka, kabla ya hapo kilikuwa plastiki tu. Vile vibati vya shaba mnavitazama kwa uangalifu, kimoja kiliruka kutoka kwenye kibanio kikaingia kwenye zulia, nimekikuta juzi kwa unyayo.

Maelekezo hatua ya 9 yana kosa, namba za kipande cha kulia na kushoto zimebadilishana, unga kavu kwanza kabla ya gundi. Na mlango wa injini nyuma unafunguka lakini ndani hamna injini, shimo jeusi, kwa ile bei wangeweka hata boksi lenye waya wawili.

Nani anunue? Kama ndo kifaru chako cha kwanza, usinunue, anza na chochote chenye magurudumu makubwa matano, utaishi vizuri na watu wa nyumbani. Kama umeshaunga vitatu vinne na umechoka kuona Tiger kwenye kila rafu, chukua, hutajuta, hasa ukikiweka pembeni ya T-34. Nimefanya hivo. Nimeazima ya jamaa wa kazini, ya mm 85, kipimo kile kile, nikaviweka kwenye dirisha vinatazamana. Ya Msovieti imelala kwa mbele kama mtu anayekimbia, mzinga wake unafika mpaka usawa wa kichwa cha Turán. Turán imesimama wima, kuta zimenyooka kama kabati, ribiti zote, na kile kijiti cha mishikaki. Nilikaa na chai yangu nikawatazama, nikawaza yule kijana wa miaka ishirini anayeingia kwa ule mfuniko Aprili 1944, amefundishwa vizuri, kamanda wake ana kiduara kizuri cha kuchungulia, redio inafanya kazi, kila kitu kiko sawa isipokuwa mwaka.

Turán halisi ukiitaka kuiona hapa Hungaria hupati. Nzima iliyobaki duniani inajulikana moja, ya mm 75, ipo Kubinka nje ya Moscow, walioiteka ndo walioitunza. Nilimwambia bácsi si mngeomba hata kuazima, akacheka mpaka akakohoa.

Maksi zangu: ribiti na uchongaji 9 kati ya 10, stika 9, maelekezo 6, magurudumu 4, huduma kwa mteja sitoi maksi kwa kitu ambacho sijakiona. Kifaru chenyewe kama kifaru, kwa mwaka 1940 nakipa 8, kwa 1944 nakipa 3, na hizo 3 zote ni za kile kichwa cha watu watatu. Bácsi ameniwekea Zrínyi chini ya kaunta mpaka tarehe kumi mshahara utoke, nimemuomba afungue boksi kabisa tuhesabu springi kabla sijalipa.